Maziwa Yaliyosimama Hewani

"Usisingizie uzee, Si Hedi. Mzee husahau alipoweka miwani. Hasahau alipoweka negativu."

"Nimekwambia sina. Mara ngapi?"

"Mara zote umesema uongo, kwa hiyo hesabu bado haijaanza."

Hedi Charfeddine, ambaye mji mzima ulimwita Si Hedi, yaani Bwana Hedi, alipiga kaunta kwa kiganja. Chini ya kioo cha kaunta, maharusi wa mji wa Sfax wakatikisika ndani ya fremu zao. Alikuwa mzee mwembamba, vidole vimebadilika rangi kwa dawa za kusafishia picha, na tangu alfajiri hakuwa ametia kitu kinywani. Mwanamke aliyesimama mbele yake naye vilevile. Ramadhani ilikuwa imefika katikati na kila mtu mjini alikuwa na ulimi mkavu na subira fupi.

"Mimi ni sawa na baba yako," alisema Hedi. "Unaingia studio yangu unanifokea kama muuza samaki."

"Baba yangu alikuwa muuza samaki, na hakumtia mtu kitanzini." Inspekta Mongia Gharsallah alitoa picha kwenye bahasha akaibwaga juu ya kioo. "Hebu tuzungumze hii. Ukoo wangu tutauzungumza siku ya Idi."

Picha yenyewe mji mzima ulikwisha kuiona gazetini. Haji Laroussi Kammoun, mfanyabiashara wa mafuta ya zeituni, amesimama kwenye kichwa cha meza ndefu anayowaandalia maskini kila Ramadhani, katika uchochoro wa nyuma ya msikiti mkuu. Ameinua jagi juu ya bega na anammiminia bibi mmoja maziwa. Nyuma yake duka la kinyozi li wazi, na ukutani mwa duka saa inaonyesha saa kumi na mbili na dakika ishirini, wakati wa mzinga wa kufuturu. Dakika hizohizo, barabara ya Gabes, ghala la Haji liliwaka moto likiwa na mlinzi wake ndani. Mlinzi aliitwa Salem. Hakutoka.

Picha hiyo ilimtoa Haji katika orodha ya washukiwa kabla hajaingia. Aliyebaki ni Mabrouk, mpakizi wa mizigo ambaye Haji alikuwa amemfukuza kazi. Mabrouk alionekana akitoka getini kabla tu ya moto, na sufuria yake ilikutwa ndani ya geti. Jioni hii, watu wakishafuturu, gari lingempeleka kwa mwendesha mashtaka, na faili lingetoka mikononi mwa Mongia moja kwa moja. Kwa moto unaoua, sheria ina kamba.

"Tazama maziwa," alisema Mongia.

"Nimeyatazama. Ni mimi niliyeyapiga."

"Yatazame tena. Yametoka mdomoni mwa jagi, hayajafika kwenye bilauri. Matone yamesimama hewani kama shanga. Hata moja halijavutika."

"Mkono wangu hautetemeki."

"Mkono wako haumwagi maziwa, Si Hedi. Anayemwaga ni Haji. Ukitaka tone lisimame hivyo, kilango cha kamera lazima kifunguke na kufumba upesi kuliko kope. Moja ya mia mbili na hamsini ya sekunde, si chini. Sasa njoo huku." Aliusogeza ukucha wake hadi mwisho wa picha. "Mlango wa msikiti, kule mwisho kabisa wa uchochoro. Misumari yake naiona msumari mmojammoja. Na huku mbele, tende kwenye sahani, naona mikunjo ya ganda. Mbele na nyuma vyote vikali. Tundu la lenzi ulilibana mpaka namba nane."

Hedi alianza kupangusa kaunta iliyokuwa safi.

Wakubwa wa Mongia kazini walisahau jambo moja juu yake, labda kwa sababu ndio waliolisababisha. Alipomaliza chuo hawakutaka mwanamke mtaani, wakamfungia maabara ya polisi kule Tunis, apige picha maiti na kuzisafisha gizani. Alikaa huko mpaka mtoto wake wa kwanza akaanza shule. Alitoka akiwa anajua kamera kama mpishi anavyojua chumvi.

"Wewe umezaliwa mji wa mafuta," aliendelea. "Unajua kujaza chupa. Mdomo wa chupa ukiwa mwembamba, unashika bomba muda mrefu. Ukitaka kufunga bomba upesi, tafuta chupa yenye mdomo mpana. Ama hivi ama vile. Wewe umeshika chupa ya mdomo mwembamba, ukafunga bomba upesi, na chupa imejaa mpaka juu. Hilo linawezekana siku moja tu."

"Siku gani?"

"Siku ambayo pipa limejaa na mafuta yanaruka kwa nguvu. Jua la alasiri, Si Hedi, kupitia turubai jeupe lililotandwa juu ya uchochoro. Magharibi pipa limebaki mashapo. Ungepanua tundu mpaka mwisho, na mlango wa msikiti ungekuwa ukungu. Ungekiacha kilango wazi, na maziwa yangekuwa kitambaa cheupe. Wewe hukupata ukungu wala kitambaa."

"Nilitumia taa."

"Taa gani?"

"Taa ya kamera. Flashi. Hujui flashi?"

"Najua. Mwanga wa flashi unachoka njiani kama punda. Sahani za mbele zingekuwa nyeupe kama mfupa, mlango wa msikiti ungekuwa shimo jeusi. Na kila bilauri ingekuwa na nyota tumboni. Nionyeshe nyota."

Hedi aliitazama picha, akageuza macho.

"Basi ni filamu ya kasi. Filamu kali hunywa mwanga mdogo ikatosheka. Hilo nalo utalikataa?"

"Filamu kali ina chembe kama semolina. Shavu la huyu bibi ni laini kama unga uliochungwa mara mbili. Lakini mimi sitaki tubishane na shavu la bibi wa watu. Kila negativu ina namba ya filamu pembeni, kiwanda kimeichapa chenyewe. Nipe negativu, tusome. Ikiwa filamu kali nitakuomba radhi hapa hapa, na nitakuletea sahani ya briki, zile sambusa za mayai, kutoka nyumbani kwangu. Ikiwa ya mia, ile ya polepole inayotaka jua, basi."

"Negativu ameichukua mwenyewe."

"Nani?"

"Haji. Alikuja asubuhi yake, hata duka sijafungua. Akasema picha yangu nzuri, nipe na negativu yake."

Mongia aliirudisha picha ndani ya bahasha.

"Asubuhi yake," alisema. "Ghala limegeuka jivu. Salem bado yuko juu ya meza ya hospitali, mkewe hajaruhusiwa kumwosha. Na Haji anasimama mlangoni kwako kabla hujafungua, anaulizia negativu."

Mzee alifumba mdomo, lakini neno lilikwisha kutoka.

"Wewe umepiga picha ngapi za futari maishani, Si Hedi?"

"Nyingi."

"Ngapi kati yake ulizipiga mzinga ukilia?"

"Toka dukani kwangu, binti."

"Natoka. Leo kabla ya mzinga uwe pale mezani. Uje na kamera ileile, lenzi ileile, na filamu ya mia. Utapiga picha ileile."

"Nisipokuja?"

"Nitakufuata, na futari yako utaila kituoni. Huwa ni maji ya bomba na mkate wa jana."

Mlangoni aligeuka. Mzee alikuwa bado anapangusa mahali palepale.

"Mama yake Mabrouk amekaa kwenye ngazi za kituo tangu juzi," alisema Mongia. "Jua likimfuata anasogea, kivuli kikija anarudi. Ukipita, msalimie."

*

Kabla ya kurudi kituoni alipitia uchochoroni. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha kitambo. Turubai jeupe lilikuwa limetandwa kutoka paa hadi paa, na chini yake mwanga ulimwagika sawasawa, bila kivuli hata cha kidole. Ndiyo maana picha ile haikumshtaki mtu: haikuwa na kivuli cha kupima. Alitoa kipima mwanga mkobani, kile cha zamani cha maabara ambacho hakuwahi kukirudisha, akakishika mahali Haji aliposimama. Sindano ilipanda na kutulia. Filamu ya mia, tundu la nane, moja ya mia mbili na hamsini. Kama ufunguo kwenye kitasa chake.

Kamishna Bouraoui alimkuta kwenye korido ya kituo, akiwa tayari amevaa koti lake la mialiko.

"Mpiga picha amenipigia simu," alisema. "Analia. Umemtisha mzee anayefunga."

"Hata Mabrouk anafunga. Huyo hajakupigia simu kwa sababu hana simu selo."

"Mongia, kuna saa kwenye picha. Saa. Hata mtoto anaisoma."

"Saa ina kifunguo nyuma, mkuu. Mtu akipenda anaisogeza. Mwanga hauna kifunguo."

"Sasa unataka kumshtaki mtu kwa sababu maziwa yake yamesimama." Alicheka, akiwatazama makonstebo wawili waliokuwa wakipita wacheke naye. Walicheka. "Watu wote wa meza wameulizwa. Wote wamesema Haji aliwamiminia."

"Nani aliwauliza?"

"Mimi mwenyewe."

"Na sufuria? Sufuria ya Mabrouk ilikutwa imejaa supu, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa, na fundo lake limebaki. Mtu gani anambebea mlinzi futari halafu anamchoma kabla hajaila? Na mapipa, mkuu. Mapipa yanayosemwa kuwa yalijaa mafuta ya zeituni. Ghala la mafuta huwaka siku tatu. Lile liliisha watu hawajamaliza tarawehe. Mapipa yalikuwa matupu, na bima italipa yaliyojaa."

"Faili limefungwa," alisema Kamishna. Hakuwa anacheka tena. "Leo nimealikwa kwenye meza ya Haji. Naenda kula chakula cha watu kwa adabu. Ukimgusa yule mtu bila amri yangu, kesho utarudi maabara ukaogeshe picha mpaka ustaafu. Umenielewa?"

"Nataka kupiga picha tu."

"Piga mpaka uchoke."

Kwenye ngazi, mama yake Mabrouk alikuwa amehamia upande wa mashariki, mgongo ukutani. Hakuuliza kitu. Gari la wafungwa lilikuwa limekwisha kuegeshwa mbele yake, mlango wa nyuma wazi, linasubiri dereva afuturu. Mongia alimwambia dereva yule asiwashe injini mpaka amwone yeye kwa macho.

"Kamishna kasema nikishakula tu."

"Basi kula polepole. Tafuna kama mtu mwenye malezi."

*

Meza ilikuwa imejaa. Wazee, wajane, vibarua wa bandarini, mafundi viatu wawili, msafiri mmoja na begi lake. Sahani za supu zilikuwa zinafuka. Kila mtu mikono mapajani na macho kwenye tende. Kamishna Bouraoui alikaa mkono wa kulia wa kiti cha Haji. Haji mwenyewe alizunguka nyuma ya watu akiwapapasa mabega. Alikuwa mtu mkubwa, sauti yake laini kama mafuta aliyouza.

"Bi Inspekta," alisema. "Karibu. Meza hii haina mlango. Keti, mwanangu, mzinga haujalia."

"Sikuja kula, Haji. Nimekuja kukuomba picha."

"Picha nyingine? Nimekuwa bwana harusi?" Watu wa karibu wakacheka kwa adabu.

"Ileile. Ile ya gazetini imenipendeza. Simama palepale, jagi lilelile, uanze kumimina mzinga ukilia. Kama siku ile."

Tabasamu la Haji halikuondoka usoni, ila lilikosa kazi. Alimtazama Kamishna. Kamishna alikunja uso, akainua bega. Mbele ya watu wote wale, kukataa kupigwa picha kulikuwa kugumu kuliko kukubali.

"Kwa nini tusipige sasa, mwanga ungalipo?" alisema Haji. "Watu wasisumbuliwe wakila."

"Siku ile uliwasumbua."

Hedi alikuja akiburuta miguu, kamera shingoni. Hakumwamkia mtu. Alisimama kwenye ncha ya meza aliposimama siku ile, akapima mwanga, akatikisa kipimo, akapima tena. Juu ya turubai, anga ilikuwa imegeuka rangi ya majivu ya mkaa. Taa ndogo za rangi zilizofungwa ukutani zilikuwa zimeanza kung'aa. Kwenye picha ya gazeti taa hizohizo ziliwaka, lakini zilikuwa zimepauka kama mishumaa juani.

"Inasemaje?" aliuliza Mongia.

"Sindano haipandi," alisema Hedi kwa sauti ya chini.

"Sema kwa nguvu. Bibi kule mwisho hakusikia."

"Nimesema sindano haipandi. Mwanga hakuna."

"Panua tundu."

"Nimelipanua mpaka mwisho."

"Kilango?"

"Moja ya nane. Na bado picha itakuwa nyeusi."

Mzinga ulilia kutoka upande wa kuta za mji. Njiwa wakaruka. Watu wakasema bismillahi kwa pamoja na mikono ikaenda kwenye tende. Hapo ndipo meza ilipoacha kuwa picha: vichwa viliinama, viwiko viligongana, mkate ukavunjwa, mtoto akalilia supu. Haji aliinua jagi na kumimina, na mkono wake ulikuwa na haraka.

"Piga," alisema Mongia.

Kamera ikasema, kla, ikanyamaza, halafu, ka. Kati ya sauti mbili mtu angeweza kumeza mate.

"Piga tena."

Kla. Ka.

Bibi aliyekuwa akimiminiwa aliweka tende yake chini. Alikuwa Mahbouba, mjane wa mfua chuma, bibi yuleyule wa gazetini.

"Leo imeugua, hiyo kamera?" alisema. "Siku ile ilikuwa inasema tsk. Tsk, tsk, kama mtu anayemdharau mwenzake."

"Kula, bibi, kula," alisema Haji.

"Nitakula, nina meno yangu mawili ya kulia hapa." Alimgeukia Mongia. "Siku ile ndiyo sikula. Tulikalishwa hapa alasiri, jua lingali juu ya turubai. Tukawekewa tende mbele, tukawekewa maziwa, tukaambiwa asiguse mtu, picha. Na baada ya picha tukaambiwa tusiondoke, sahani zimekwisha kupangwa. Nimefunga miaka yote tangu nivunje ungo, sijawahi kufunga huku nimekodolewa macho na tende. Ulimi uligeuka ngozi ya kiatu."

Meza ilikuwa imepunguza kutafuna. Mafundi viatu walitazama sahani zao. Mmoja alitikisa kichwa kukubali, bila kuinua macho.

Kamishna aliegemea mbele. "Mimi nilikuuliza, bibi. Ulisema Haji alikumiminia maziwa."

"Alinimiminia. Hukuuliza saa ngapi."

"Na mzinga ulipolia," alisema Mongia, "Haji alikuwa wapi?"

Bi Mahbouba alikitazama kiti cha kichwa cha meza, akamtazama Haji aliyekuwa bado ameshika jagi, kisha akaitazama supu yake, kama mtu anayeaga.

"Kesho meza hii sitaiona tena, najua," alisema. "Kiti kilikuwa kitupu. Aliondoka na gari lake picha ilipokwisha. Tulimwombea dua akiwa hayupo."

"Mwanamke mzee," alisema Haji, na sauti ilikuwa imepoteza mafuta yote. "Amechanganya siku. Mimi nawalisha hawa, Bouraoui. Nawalisha. Sasa nianze kutukanwa na mdomo niliouwekea chakula mimi mwenyewe?"

"Hajachanganya," alisema Hedi.

Alisema huku akivua kofia yake nyekundu ya sufu. Kutoka kwenye bitana la kofia alichomoa kipande kirefu cha filamu kilichofungwa kwa karatasi laini, akakiinua dhidi ya taa za rangi.

"Negativu uliyochukua, Haji, ni nakala. Sijawahi kumpa mtu negativu yangu ya kwanza, hata mke wangu. Soma pembeni, Bi Inspekta. Filamu ya mia." Akawageukia watu wa meza. "Picha za futari zote hupigwa alasiri. Miaka yote. Mimi, na wenzangu wote, na magazeti yanajua. Mzinga ukilia nani atakaa aonekane vizuri? Na mpiga picha naye ana kiu. Haji akaniambia, sogeza saa ya kinyozi, ipendeze. Nikaisogeza. Si ni desturi? Sikujua kuna moto. Wallahi sikujua. Nilipojua, aliniambia mimi na yeye tumo ndani ya picha moja."

Mongia aliipokea filamu. Katika giza lile la taa ndogo aliziona herufi za kiwanda pembeni, na picha zilizofuatana: Haji akiinua jagi, Haji akishusha jagi, na ya kwanza kabisa, ambayo Hedi aliipiga kujaribu mwanga, duka la kinyozi na saa yake kabla haijaguswa. Saa kumi.

"Akumulikaye mchana usiku hukuchoma," alisema Bi Mahbouba, akachovya mkate wake kwenye supu. "Wazee walituambia. Hatusikii."

Mongia alimgeukia Kamishna. "Mkuu."

"Kesho asubuhi tutalitazama," alisema Bouraoui. Hakuwa anamtazama mtu. Kijiko chake kilikuwa kimebaki njiani. "Kwa utaratibu. Mheshimiwa kama huyu hatoroki. Umesikia nilichokwambia koridoni."

"Nilisikia. Kesho asubuhi Mabrouk atakuwa kwa mwendesha mashtaka, na huyu atakuwa na saa za kutosha kuzisogeza."

"Inspekta Gharsallah, hiyo ni amri."

"Ndiyo, mkuu. Maabara naijua njia yake. Hata ufunguo wa chumba cha giza ninao bado."

Alizunguka meza. Watu walivuta viti vyao kumpisha, na hakuna aliyeinuka kumzuia. Alimpokonya Haji jagi, akaliweka mezani taratibu maana lilikuwa maziwa ya watu, kisha akamshika kifundo cha mkono. Pingu ilifumba mara moja, upesi, bila kurudia.

"Sijafuturu," alisema Haji. "Kwa haki ya Mungu, mwanamke, sijatia hata maji."

Mongia alichukua tende moja kwenye sahani iliyo karibu, akaipangusa, akamtia mkononi. Naye akachukua moja, ya kwanza kwake tangu alfajiri, akaitafuna amesimama, akatema kokwa kiganjani.

"Saumu yako ni ya Mungu, sina ugomvi nayo. Tembea."

"Supu yangu ipo pale."

"Na ya Salem ilikuwa imefungwa kwa kitambaa. Naye hakuionja. Tembea, Haji."

Alimpitisha kati ya meza na ukuta hadi mwisho wa uchochoro. Hedi alifuata nyuma, kofia mkononi, bila kuambiwa. Kamishna hakuita. Nyuma yao vijiko vilianza tena kugonga sahani, kimoja, kisha vingi.

Mbele ya kituo, dereva wa gari la wafungwa alikuwa bado anatafuna kwa malezi mema. Mlango wa nyuma wa gari ulikuwa bado wazi, na Mabrouk amekwisha kupakiwa, mikono imefungwa kwenye chuma cha benchi. Mama yake alikuwa amesimama.

"Ufunguo," alisema Mongia.

Dereva alimtazama Haji Laroussi Kammoun akiwa na pingu, akameza tonge lake zima, akatoa ufunguo.

Mongia alipanda garini, akamfungua kijana kwenye benchi, akamshusha. Kwenye chuma kilekile, ambacho bado kilikuwa na joto la mkono wa mwenzake, akamfunga Haji.